Mti Unapofunga Duka

Vuli kwetu ni neno la mvua. Mtu wa Pwani akilisikia huinua macho kutazama mawingu, akakumbuka jembe lake, mbegu zake za kunde, na paa lake lililovuja mwaka jana, ambalo aliapa kulitengeneza kabla ya mvua nyingine kumkuta. Wafasiri wa vitabu, walipohitaji neno la kuyaita majira ya Ulaya yaliyo baina ya joto na baridi, walilichukua neno hilo hilo wakalitwika maana ya pili, kwa sababu miezi yalingana. Walakini mambo yenyewe ni kinyume kabisa, maana vuli yetu huivisha ardhi nguo ya kijani, na vuli yao huivua. Basi katika makala haya, ili msomaji asichanganyikiwe, nitayaita majira hayo mapukutiko, kwa kuwa ndilo jambo litendekalo.

Nimeyaona mapukutiko mara nyingi katika vitongoji vya London, na kwa muda mrefu sikuyahesabu kuwa ni kitu ila kero ya viatu, maana majani yaliyolowa, yakikanyagwa na watu mia wanaokimbilia kazini, huteleza kama mrenda. Aliyenifungua macho ni shangazi yangu, mwanamke wa Unguja aliyekwisha kuvuka miaka sabini, ambaye alikuja huko mwezi wa Oktoba kumtazama kitukuu wake wa kwanza, na ambaye, baada ya wiki mbili za kukaa ndani akisikiliza mabomba ya joto yakigugumia ukutani, alisema kwa sauti ile ya upole isiyongojea jibu: "Nipelekeni mahali penye miti." Nikampeleka Kew.

Kew ni kitongoji kilichoko magharibi ya London, ukingoni mwa mto Thames, na treni ya laini ya District humfikisha mtu umbali wa kutembea hatua chache tu mpaka langoni. Bustani yake, yenye ekari zaidi ya 300, ilianza mwaka 1759, ikiwa ni kiwanja cha mimea ya kigeni cha Binti Mfalme Augusta, mamaye Mfalme George wa Tatu. Ikakaa mikononi mwa jamaa wa kifalme mpaka mwaka 1840 ilipokabidhiwa serikali, na mwaka uliofuata akawekwa Sir William Hooker kuwa mkurugenzi wake, naye alipofariki mwaka 1865 mwanawe Joseph akakirithi kiti. Tangu mwaka 2003 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Yafaa nieleze tofauti ya bustani ya mimea na bustani ya matembezi, kwani kwa mtazamo wa kwanza zote mbili ni nyasi, maua na mabenchi. Bustani ya matembezi hupandwa ili ipendeze. Bustani ya mimea hupandwa kwa ajili ya ilimu, na kupendeza kwake ni faida ya ziada. Kila mti humo una kibati kidogo shinani, chenye jina lake la Kilatini, nchi ya asili yake, na nambari. Na nambari hiyo ina mwenziwe katika daftari linaloeleza mbegu ilitoka wapi, nani aliileta, na mwaka gani, mfano wa hati ya shamba. "Kumbe hata miti yao ina vitambulisho," alisema shangazi, ambaye pasipoti yake mwenyewe ilitazamwa mara tatu uwanja wa ndege.

Ilikuwa Jumatatu, siku moja baada ya saa kurudishwa nyuma kama ilivyo desturi ya Waingereza kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na tangu asubuhi shangazi alikuwa ameshughulishwa na jambo jingine kabisa. Alikuwa ameuliza wakati wa sala ya Magharibi, nami nikamwambia kuwa jua litatua kiasi cha saa kumi na dakika arubaini. Alinitazama kama mtu aliyedanganywa na mtoto. Maisha yake yote Magharibi imekuja baada ya saa kumi na mbili, ikisogea mbele kidogo na nyuma kidogo, kama mlinzi anayetembea mbele ya mlango mmoja. Maana Unguja iko karibu na Ikweta, na baina ya mchana mrefu kuliko yote katika mwaka na mchana mfupi kuliko yote tofauti haitimii saa moja. London mchana wa katikati ya Juni hupita saa kumi na sita, na mchana wa mwisho wa Desemba haufiki saa nane. Nusu nzima ya mwangaza hupotea katika miezi sita, na mtu asiyelitia jambo hilo akilini hatafahamu kwa nini miti ya huko hutenda inavyotenda.

Tulipopita lango na kufika penye miti ya kwanza, nilitazamia kwamba atastaajabu. Chini palikuwa pametandikwa majani ya manjano, ya hudhurungi na mekundu, mengine yakiwa yamelala kifudifudi na kuonyesha migongo yao myeupe, na jua la chini chini la Oktoba lilikuwa likipenya ubavuni, si utosini kama jua letu, hata kila jani likawa na kivuli chake. Shangazi alisimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema: "Mbona hawafagii?"

Swali lile lilikuwa na haki yake. Mwanamke aliyelelewa katika ua wa mchanga, ambao hufagiliwa kila alfajiri kabla ya mtu kunywa chai, huliona jani lililoanguka kuwa ni deni. Nilimweleza kuwa wanafagia, tena sana. Katika majira haya wafanyakazi huzunguka na reki na mashine za kupuliza, wakayazoa majani ya njiani na kuyapeleka kuozeshwa yawe mboji, na mboji hiyo hurudishwa penye mashina. Lakini chini ya miti mingi huyaacha kwa makusudi, kwa kuwa jani ni la mti hata likiwa limeanguka. Hakuridhika. Alisema kuwa hiyo ni hoja ya mvivu aliyesoma.

Sasa, kwa nini mti uyaache majani yake? Watu wengi hudhani kuwa baridi huyaua na upepo huyang'oa, na dhana hiyo haifiki mbali. Mfikirie mfanyabiashara ambaye duka lake hutegemea msimu, kama wale wa zamani waliongojea majahazi ya kaskazi. Jani ni duka la mti: humo mwangaza huja kununuliwa, maji na hewa hugeuzwa sukari, na mti wote huishi kwa faida yake. Lakini duka lina gharama. Latoa maji mchana kutwa kwa vitundu vyake, na siku za baridi kali, ardhi ikigandamana, hayo maji hayapatikani. Mwangaza nao umepungua, wateja ni haba. Mwenye akili hafungui duka ili apate hasara, hulifunga. Walakini hakuna mfanyabiashara anayefunga duka na kuiacha mali ndani. Mti, ukiona usiku unarefuka, huanza kuhamisha. Ile klorofili, ambayo baadhi ya wataalamu wetu huiita umbijani, na ambayo ndiyo inayolipa jani ukijani wake, huvunjwavunjwa. Naitrojeni na fosforasi, ambazo mti umezipata kwa taabu kutoka ardhini, huvutwa na kupelekwa katika vijiti na shina, zikawekwa akiba mpaka majira ya kuchipua. Bidhaa zikisha kuhamishwa, penye kikonyo cha jani hujengwa utando mwembamba ulio kama kizibo, mishipa ikafungwa mmoja mmoja, na jani hubaki likining'inia kwa nyuzi chache. Upepo unaolichukua huja mwisho, kama hamali, kazi yenyewe ikiwa imekwisha.

Rangi nazo zina kisa chao, na kisa cha manjano si kisa cha wekundu. Manjano ilikuwamo jani lilipochipua; ni rangi za jamaa moja na ile iliyomo katika karoti, nazo zilikuwa zimefunikwa na ukijani muda wote, kama ukuta wa zamani uliopakwa chokaa mpya. Ukijani ukiondoka, zaonekana. Wekundu, kinyume chake, hutengenezwa wakati ule ule wa kufunga, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, na jina lake ni anthosayanini, rangi ya jamaa ya ile inayoipa wekundu sharubati ya rozela. Siku zenye jua kali zikifuatwa na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha, wekundu huwa mwingi. Mwaka wa mawingu na mvua huwa hafifu. Kwa nini mti ujisumbue kutengeneza rangi mpya ndani ya duka linalofungwa, hapo wanazuoni wamegawanyika: wako wasemao kuwa ni chandarua cha kulikinga jani na mwangaza mkali lisiharibike kabla ya kuhamishwa mali, na wako wasemao kuwa ni onyo kwa wadudu wanaotafuta pa kutaga. Mimi naelekea kwa wale wa kwanza, lakini sina mamlaka katika jambo hili.

Nilikuwa katikati ya maelezo hayo, nikijisikia mwenyewe kwa raha, shangazi aliponishika mkono mbele ya mti mmoja wa likwidamba, wenye asili ya Marekani, uliokuwa mwekundu tangu kilele mpaka matawi ya chini.

"Huu," akasema, "si kama mkungu tu?"

Nikanyamaza. Mti ule si mkungu wala si jamaa yake, na jani lake lina ncha tano kama nyota, hali jani la mkungu ni pana kama sahani. Lakini jambo alilolisema lilikuwa la kweli, na miaka yangu yote ya ugenini sikulifikiri. Nani katika sisi, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, hakukulia karibu na mkungu? Huwa mbele ya skuli, penye gati, uani kwa jirani. Watoto huzipasua kungu zake kwa mawe wapate kile kiini chembamba cha ndani, na wazee huweka mkeka chini yake. Nao, aghalabu mara mbili kwa mwaka, hugeuza majani yake kuwa mekundu, ya rangi ya machungwa na ya damu ya mzee, kisha huyaangusha yote ukabaki mifupa, na baada ya siku chache huchipua upya. Hakuna baridi Unguja. Mkungu hufanya hivyo kwa hesabu zake wenyewe za ukame na umri wa jani. Mbuyu nao huvua, na msufi huvua kwanza ndipo utoe maua. Mapukutiko tunayo kwetu, ila hayaji kwa miti yote siku moja, na kwa kuwa hayaji kwa miti yote hatukuyapa jina, wala hatukumlipa mtu kiingilio ili atuonyeshe. Tumeyafagia tu.

Tangu hapo shangazi akawa ndiye kiongozi. Alitembea mbele, buibui likionekana chini ya koti zito aliloazimwa na mkwewe, kikapu chake cha ukili begani, kwani mkoba wa dukani haukumridhisha. Alisimama mbele ya miti ya mepo, ile ambayo jani lake limewekwa katika bendera ya Kanada, akaisifu kidogo. Pagoda ya ghorofa kumi, aliyoijenga William Chambers mwaka 1762, aliitazama kwa mbali akasema ni ndefu, na kwa kweli sijui cha kuongeza juu ya sifa hiyo. Kisha akasimama ghafla, akainua pua.

"Nani anapika kaimati?"

Harufu ilikuwa ya shira: shira iliyoachwa jikoni kidogo zaidi ya ilivyopasa, sukari ikaanza kushika chungu na kuwa nyekundu, ule wakati ambao mpishi hodari huliondoa sufuria na mpishi mzembe huita watu waje kusaidia. Hapakuwa na jiko wala moshi. Palikuwa na mti wa katsura, wenye asili ya Japani na Uchina, majani yake madogo ya mviringo kama mfano wa moyo, ya rangi ya ndimu mbivu. Jani la katsura likiwa bichi halina harufu ya kutajwa. Likianza kukauka hutoa kemikali iitwayo maltoli, ambayo ndiyo hiyo hiyo itokayo katika sukari iliyoungua, na siku yenye unyevu kidogo harufu hujaa hewani, hata mtu akitafuta inakotoka huikosa: ukiliinamia jani moja hunusi kitu, ukiondoka yakufuata. Shangazi aliokota jani, akalinusa, akalitupa, akaokota jingine. Tulikaa pale robo saa. Mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa na mtoto katika kigari alituona tukinusa, naye akanusa, na wote watatu tukacheka pasi na kuwa na lugha moja.

Karibu na hapo pana wazee wa bustani, miti michache iliyosalia kutokana na upanzi wa miaka ya 1760, ambayo watu wa Kew huiita Simba Wazee. Mmoja wao ni ginko, uliopandwa mwaka 1762 ungali mche, wakati ambapo mti huo ulikuwa ni ajabu katika Ulaya nzima. Ukoo wa ginko ni wa kale kupita kiasi. Majani ya jamaa zake yamekutwa yamechapwa katika mawe ya zamani za kabla ya kuwako ua lolote duniani, na katika ukoo mzima umebaki huo peke yake. Jani lake halina mshipa wa katikati kama majani mengine; mishipa yote hutoka kikonyoni ikatawanyika, hata jani likawa umbo la upepeo, wa namna ile ya kuchochea mkaa, ila mdogo na laini. Lina tabia nyingine: miti mingi huangusha moja moja kwa wiki kadhaa, ginko hungoja, kisha baada ya usiku mmoja wa baridi huyamwaga karibu yote kwa mkupuo. Siku ile ulikuwa haujamwaga, ulikuwa umeanza tu, na majani yalikuwa yakishuka mawili matatu, pole pole, yakizunguka. Shangazi alikaa chini yake kupumzisha magoti, akaweka kikapu ubavuni.

Hapo nikamsimulia habari za mwaloni wa Turner, ambao tulikwisha kuupita, na ambao kwangu ndio mti wenye mafunzo kuliko yote ya Kew. Ulipandwa mwaka 1798. Kufikia miaka ya 1980 ulikuwa umedhoofika, kilele kikikonda mwaka baada ya mwaka, na hapakuwa na mtu aliyejua ugonjwa wake. Usiku wa kuamkia tarehe 16 Oktoba 1987 ilipiga dhoruba kusini ya Uingereza, ya namna ambayo watu wa huko hawakuizoea, ikaikuta miti ingali na majani yake, na kwa hiyo ikiwa na matanga kamili ya kuushika upepo. Bustani ya Kew ilipoteza miti yapata 700. Mwaloni wa Turner haukuanguka. Upepo uliunyanyua wote, shina, mizizi na ardhi iliyoshikamana nayo, ukautikisa, kisha ukautua mahali pake pale pale. Watunzaji waliuegemeza kwa nguzo na kuuacha, wakishughulikia ile iliyolala, kwa nia ya kuurudia baadaye na kuukata. Walipourudia, baada ya miaka mitatu hivi, waliukuta umenawiri kuliko ulivyokuwa katika kumbukumbu ya yeyote kati yao. Tony Kirkham, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa miti ya Kew kwa miaka mingi, ndiye aliyeieleza sababu: ardhi ya chini ya mti ilikuwa imeshindiliwa na nyayo za wageni, karne na zaidi, mpaka hewa na maji havikuweza kupita, na dhoruba kwa kuutikisa iliifungua. Tangu hapo miti mikongwe ya bustani hupulizwa hewa ardhini kwa bomba la nguvu, na badala ya nyasi za kukanyagwa huwekewa duara la mboji kuzunguka shina ili watu wasikaribie.

Shangazi alifikiri kidogo. "Yaani ugonjwa wake," akasema, "ni sisi tuliokuja kuutazama." Kisha akainuka, akaangalia alipokuwa ameweka miguu, na kuanzia hapo alitembea njiani.

Baridi ilikuwa imeanza kuingia vidoleni, basi tukaingia katika jumba la minazi na jamaa zake, lililojengwa baina ya mwaka 1844 na 1848, Decimus Burton akiwa msanifu na Richard Turner akiwa fundi wa chuma. Turner huyu hahusiani na yule wa mwaloni. Kwa nje lafanana na jahazi lililopinduliwa, la vioo yapata 16,000, urefu wake mita 110. Mlango ukifunguliwa, miwani hupofuka. Nilisimama nikiwa sioni kitu, na katika kutoona kule nikasikia kwanza: maji yakidondoka juu ya majani mapana, kisha harufu, udongo ulionyeshewa, uvundo mtamu wa migomba. Nilipoisha kuifuta miwani nilimwona shangazi amekwisha kulivua koti na kulikunja, naye anazungumza na mgomba. Alikuwa akiuambia kuwa umepandwa vibaya.

Humo mna mmea mmoja ambao wengi huupita. Umo ndani ya sanduku la mti, shina lake limelala upande na kuegemezwa kwa vyuma kama mzee kwa mikongojo, na kichwani una makuti magumu yenye miiba. Kwa ukoo ni ndugu wa mtapo wetu, ule unaomea katika misitu ya pwani. Huu ulitoka Afrika ya Kusini: Francis Masson, mtu wa kwanza kutumwa na Kew kwenda kuwinda mimea, alirudi nao mwaka 1775, na inasemekana kuwa hakuna mmea wa chunguni duniani unaouzidi umri. Tangu ufike umetoa koni mara moja tu, mwaka 1819, na Sir Joseph Banks, aliyekuwa mzee na mgonjwa na asiyebakiwa na umri mwingi, alikuja mwenyewe kuitazama. Hauvui majani kwa kufuata majira. Miaka zaidi ya 240 umeyaona mapukutiko ya Waingereza kupitia kiooni, nao haukushiriki hata mara moja.

Hatukuingia katika jengo ambalo kwa maoni yangu ndilo moyo wa Kew, kwani halifunguliwi kwa kila mpita njia: hazina ya mimea iliyokaushwa, iliyoanzishwa mwaka 1853, ambamo mna karatasi yapata milioni 7, kila moja ikiwa na tawi au jani lililobanwa na kushonwa. Ni mapukutiko ya aina nyingine. Majani yaliyoanguka makusudi. Yamo ya kwetu mengi. John Kirk, aliyefika Unguja mwaka 1866 akiwa tabibu wa ubalozi wa Kiingereza na baadaye akawa balozi mwenyewe, alikuwa mtu wa mimea zaidi ya alivyokuwa mtu wa siasa, akipeleka Kew vielelezo kutoka Pwani. Ndiye aliyewathibitishia wenzake kuwa sandarusi iliyokuwa ikichimbwa ardhini na kuuzwa ng'ambo ilitoka katika mti ule ule wa msandarusi unaoishi leo, ambapo wachimbaji wenyewe, nadhani, wangeweza kumwambia bure. Baadaye ilianzwa kazi ya kuiandika mimea yote ya Uganda, Kenya na Tanzania, mwaka 1948. Ikaisha mwaka 2012, na waliokuwa vijana ilipoanza hawakuwapo au walikuwa vikongwe ilipokwisha. Imetaja aina zaidi ya 12,000.

Nilimweleza shangazi kanuni ya karatasi hizo tulipokuwa tukirudi langoni, jua likiwa limeshuka na rangi zote zikigeuka kuwa moja. Kwamba jani peke yake halina thamani hata lingekuwa la mti adimu kuliko yote. Ni lazima pawe na kijikaratasi kinachosema ni jani la nini, limepatikana wapi, tarehe gani, na nani aliyelitwaa. Likikosa hayo ni jani la kufagiwa. Alisema hilo ndilo jambo la kwanza la maana alilolisikia siku nzima, na akaniuliza kama treni itatufikisha kabla ya Magharibi kutupita.

Kwa msomaji atakayebahatika kwenda: wiki ya mwisho ya Oktoba na ya kwanza ya Novemba ndizo bora, ijapokuwa kila mwaka una tabia yake; uende asubuhi, maana milango hufungwa mapema kadiri mchana unavyopungua; uvae viatu visivyopitisha maji; wala usichume kitu, kwani sheria ya bustani hairuhusu.

Sisi hatukuchuma. Lakini mwezi mmoja baada ya shangazi kurudi Unguja alinipigia simu, sauti ikija na kupotea, akaniambia kuwa amekung'uta kikapu chake ili akioshe na amekuta ndani jani la manjano, la umbo la upepeo, limekauka wala halikuvunjika. Amelitia katika kitabu kikubwa cha marehemu babu. Mjukuu wake amekaa hapo na kalamu.

"Haya niambie, baba. Jina lake?"

Nikamwambia ni ginko.

"Mahali?"

Nikamtajia. Nikamtajia na tarehe, ambayo ilinibidi niitafute. Nilimsikia akimkariria mtoto, herufi kwa herufi, K, E, W.

"Na aliyelitwaa?"

"Hakulitwaa mtu, shangazi. Liliangukia kikapuni."

Palipita kimya kidogo, na nyuma yake niliusikia ufagio wa mtu uani, ukienda na kurudi.

"Basi andika," alimwambia mtoto, "limejileta."